Kutoka Chomboni Hadi Daftarini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka walikuwa wakiwafikiria wafanyabiashara, ambao kila jioni huhesabu vitu vilivyouzwa na deni lililobaki. Lakini iko kazi nyingine ambayo methali hiyo yaifaa sawasawa, nayo ni kazi ya kupima ardhi. Pengine, msomaji, umepata kuwaona wapima ardhi kando ya barabara au katika shamba la jirani. Mmoja huchungulia katika chombo kilichosimamishwa juu ya miguu mitatu. Mwenzake husimama mbali, ameshika fimbo ndefu yenye kioo. Watoto hukusanyika, na kila mmoja hukitazama kile chombo kwa mshangao. Ni wachache wanaojiuliza swali lililo kubwa zaidi: namba iliyosomwa katika chombo hicho, huenda wapi?

Namba hiyo husafiri. Hutoka chomboni ikaingia daftarini. Kutoka daftarini hufika kwenye ramani. Na kutoka kwenye ramani hufika katika hati ya shamba ambayo mzazi humwachia mwanawe. Safari yake ya kwanza, ile ya kutoka chomboni hadi daftarini, ndiyo fupi kuliko zote. Zamani ilikuwa hatua mbili tatu, kutoka kwa msomaji wa chombo hadi kwa mwandishi. Siku hizi ni kipande cha waya, au hewa tupu. Hata hivyo ni katika safari hiyo fupi kwamba namba iliyo njema huweza kupotea, au kuharibika, au kugeuzwa kuwa uongo. Tena namba ikiisha kuharibika hapo, hakuna ustadi wa mchora ramani utakaoiponya. Yafaa basi tuitazame historia ya safari hiyo, maana ndani yake mna mafunzo yanayozidi mambo ya mashamba.

Tuanze na mnyororo. Katika mwaka wa 1620 Mwingereza Edmund Gunter alianzisha mnyororo wa kupimia wenye urefu wa futi 66, uliogawanywa katika pete 100. Minyororo 80 ilikuwa maili moja, na minyororo 10 ya mraba ilikuwa eka moja, hata hesabu zikawa nyepesi kwa mtu yeyote aliyejua kuzidisha kwa kumi. Watu wawili waliuvuta. Yule wa mbele alichukua vijiti 10 vya chuma, na kila mnyororo uliponyoshwa alichoma kimoja ardhini. Yule wa nyuma alikiokota. Vijiti vyote 10 vilipokwisha kuokotwa, hesabu iliandikwa, navyo vikarudishwa mbele. Waona, msomaji, kwamba vile vijiti ndivyo vilivyoichukua namba kutoka ardhini hadi kwenye daftari. Kijiti kimoja kikisahauliwa majanini, futi 66 za nchi zilipotea, ingawa mnyororo wenyewe ulikuwa mzima na wavutaji walikuwa waaminifu.

Daftari nalo lilikuwa na desturi zake. Mpimaji alianza kuandika chini ya ukurasa, akapanda juu. Jambo hilo laonekana geni, lakini sababu yake ni nzuri: alipokuwa akitembea mbele na daftari mkononi, mti uliokuwa kushoto kwake aliuandika kushoto, na mto uliokuwa kulia kwake aliuandika kulia, na ukurasa ukafanana na nchi aliyoiona. Baadaye, vyombo vya kupimia pembe vilipozidi kutumika, kazi iligawanywa: mmoja alisoma, mwenzake aliandika. Hapo ikazaliwa kanuni ambayo haijafa hata leo. Msomaji hutamka namba. Mwandishi huirudia kwa sauti huku akiiandika. Na msomaji huitazama tena kabla ya kukigeuza chombo. Kwani upepo ukivuma, "sita" na "saba" husikika kama ndugu, na 47 hugeuka 74 mikononi mwa mwandishi aliyechoka. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba namba iliyokosewa haifutwi. Hupigwa mstari mmoja, nayo iliyo sahihi huandikwa juu yake, ili kila atakayekuja aone yote mawili.

Umuhimu wa kanuni hiyo ya pili ulidhihirika huko Ufaransa. Katika mwaka wa 1792 wataalamu wawili wa nyota, Delambre na Méchain, walitumwa kupima nchi kutoka Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa, hadi Barcelona katika Hispania. Shabaha ilikuwa kupata kipimo kipya cha urefu, yaani mita, itakayotokana na ukubwa wa dunia yenyewe. Delambre alipima sehemu ya kaskazini, akaandika kwa wino katika madaftari yaliyoshonwa. Méchain alipima sehemu ya kusini, akaandika kwa penseli katika karatasi zilizotengana. Huko Barcelona Méchain alipima mahali pake duniani kwa kuzitazama nyota, kisha akapapima tena kutoka jengo jingine la karibu, na majibu hayakupatana. Tofauti ilikuwa ya sekunde tatu hivi za pembe, yaani kiasi cha mita 100 juu ya ardhi. Badala ya kuitangaza, aliificha. Jambo hilo lilimtesa miaka mingi. Alirudi Hispania kuendelea na upimaji, na huko akafa kwa homa katika mwaka wa 1804. Karatasi zake zilipomfikia Delambre, ndipo siri ikajulikana.

Angalia vema, msomaji. Méchain alikuwa mpimaji stadi sana, na tofauti ile haikuwa aibu, kwani vyombo vya siku zile vilikuwa na upungufu wao. Aibu ilikuja katika ile safari fupi, baina ya jicho na karatasi. Lau namba zote mbili zingeandikwa kwa wino na kuwekwa mbele ya wenzake, wangeweza kuitafuta sababu pamoja. Penseli na karatasi zisizoshonwa zilimpa nafasi ya kuficha, na nafasi hiyo ikawa mtego wake.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Bara Hindi, William Lambton alianza upimaji mkubwa uliokuja kuwa mashuhuri duniani. Katika mwaka wa 1802 alipima mstari wake wa kwanza karibu na Madras kwa mnyororo wa chuma wa futi 100. Mnyororo huo uliwekwa ndani ya visanduku vya mbao, na vipimajoto vikatazamwa, maana chuma hurefuka kwa joto. Kwa pembe alitumia theodolaiti kubwa yenye uzito wa nusu tani. Katika mwaka wa 1808 chombo hicho kilikuwa kikivutwa kwa kamba juu ya mnara wa hekalu la Tanjore. Kamba ikakatika, kikagonga ukuta, na duara lake likapindika. Wengine wangekata tamaa. Lambton alijifungia na chombo chake, akakinyosha kidogo kidogo kwa muda wa majuma sita, hata kikafaa tena kwa kazi.

Lakini mtu ajuaje kwamba chombo kilichovunjika kimepona kweli? Hajui kwa kukitazama. Hujua kwa kukiuliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Pembe zilizopimwa kulizunguka duara zima hapana budi zifanye digrii 360. Pembe tatu za pembetatu zafanya digrii 180, na katika pembetatu kubwa sana huongezeka kidogo tu kwa sababu ya mviringo wa dunia. Jumla ikikataa, mpimaji ajua kwamba pana kosa, hata kama kila namba yaonekana nzuri. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Karne ya 20 ilileta mabadiliko makubwa. Mwisho wa miaka ya 1940 Erik Bergstrand wa Sweden alitengeneza chombo cha kupima umbali kwa nuru. Katika mwaka wa 1957 kikatokea kingine katika bara letu wenyewe: Trevor Wadley wa Afrika Kusini alitoa chombo kilichoitwa Telurometa, kilichopima makumi ya kilomita kwa mawimbi ya redio. Chombo kimoja kiliwekwa kilimani huku, na cha pili kilimani kule. Ndani yake mlikuwa na simu, hata wapimaji wawili, ingawa hawakuonana kwa macho, waliweza kusemezana juu ya mawimbi yaleyale yaliyokuwa yakipima. Kazi ambayo kwa mnyororo ingechukua majuma ikamalizika kwa siku moja. Ila namba bado zilisomwa kwa jicho na kuandikwa kwa mkono.

Katika mwaka wa 1968 kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani kilitoa chombo kilichopima pembe na umbali pamoja, kikayaandika majibu chenyewe kwa kutoboa matundu katika ukanda wa karatasi. Baadaye yakaja madaftari ya umeme, yaani vikompyuta vidogo vya kushikwa mkononi. Chombo kilipima, daftari la umeme likapokea na kuhifadhi. Mwandishi aliyechoka aliondolewa, na 47 haikugeuka tena 74. Wengi walidhani kwamba safari ya namba sasa ni salama kabisa. Lakini yule mwandishi alipoondoka, sauti yake iliyorudia kila namba iliondoka pamoja naye.

Mahali pake pakaingia waya. Kule Marekani, katika mwaka wa 1960, wenye viwanda vya elektroniki walikuwa wametoa kanuni iitwayo RS-232, inayoeleza jinsi mashine mbili zitakavyopashana ishara za umeme. Watengenezaji wa vyombo vya kupimia waliifuata. Kanuni hiyo ilieleza nguvu ya umeme na kazi ya kila waya. Haikueleza mashine zitaambiana nini, wala kwa lugha ipi. Kila kiwanda kilichagua mpango wake wa kuziandika pembe na umbali. Ikawa kama watu wawili waliopatana kwamba watasemezana kwa simu, lakini hawakupatana kama watasema Kiswahili au Kifaransa.

Basi mpimaji wa siku hizi ambaye chombo chake na daftari lake havielewani hukutana na mojawapo ya maradhi matatu. Yatajwe kwa majina mepesi: kimya, kelele na uongo.

Kimya ni pale ambapo daftari halipokei chochote. Ugonjwa huu watokana na njia yenyewe. Pengine betri imechoka. Pengine kijino kimoja cha plagi kimepindika, au vumbi na unyevu vimeingia. Pengine waya ni mzima lakini si wake: waya wa kutumia wa mashine moja yapasa ufike kwenye waya wa kupokelea wa nyingine, na zikiunganishwa vibaya, zote mbili zasema na hakuna isikiayo. Au pengine daftari limeambiwa lisikilize mlango mmoja, hali waya umechomekwa katika mlango mwingine.

Kelele ni pale ambapo kitu chafika, lakini hakisomeki: herufi zilizochanganyika na alama zisizo na maana. Hapo waya hauna kosa, maana umeleta kitu. Kosa liko katika mapatano. Mwendo wa kutuma ishara hupimwa kwa baudi, neno lililotoka katika jina la Mfaransa Émile Baudot, aliyebuni namna ya kupeleka herufi kwa simu ya waya katika miaka ya 1870. Chombo kikituma kwa baudi 9600 na daftari likisikiliza kwa baudi 1200, kitakachosikika ni fujo tupu. Ndivyo ilivyo pia ikiwa mashine hizo zinahesabu tofauti alama zinazofanya herufi moja, au ikiwa daftari limeambiwa kwamba laongea na chombo cha kiwanda kingine.

Tangu mwaka wa 1998, makampuni matano yalipojiunga kuieneza njia ya redio iitwayo Bluetooth, waya umeanza kutoweka. Hakuna tena kijino cha kupindika. Lakini maradhi hayakutoweka. Daftari laweza kukikumbuka chombo cha mwaka jana na kukiita bure, nacho kimefungiwa ghalani. Makundi mawili yakifanya kazi kiwanja kimoja, daftari la hawa laweza kushikana na chombo cha wale. Hapo dawa ni kuzisahaulisha mashine urafiki wao wa zamani, kisha kuzijulisha upya.

Ukitazama, utaona kwamba mpimaji mwenye busara huitibu kimya na kelele kwa njia ile ile. Huigawa safari katika vipande, akakijaribu kila kipande peke yake. Kwanza betri, kisha plagi, kisha waya mwingine unaojulikana kuwa mzima, kisha mlango, kisha mwendo, kisha jina la chombo. Hubadili jambo moja tu, akajaribu, akaandika alichokiona. Asiye na subira hubadili mambo manne kwa mara moja. Ikitokea mashine zikaelewana, hajui lipi lililoponya, na kesho atasumbuka tena. Haraka haraka haina baraka, hata mbele ya mashine.

Ugonjwa wa tatu, uongo, ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu hauna dalili. Namba zafika, zasomeka, zapendeza, nazo si za kweli. Mfano mmoja ni ule wa kioo cha kurudishia nuru. Kila aina ya kioo ina kiasi chake cha kusahihisha umbali, pengine milimita 30. Chombo kikisahihisha, na daftari nalo likisahihisha, kosa limeingia pale pale palipokusudiwa kuondolewa kosa, na kila mstari utakuwa na upungufu ule ule.

Mfano mwingine ni wa vipimo vyenyewe. Tangu mwaka wa 1959 futi ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili. Lakini wapima ardhi wa Marekani walibaki na futi yao ya zamani, iliyo ndefu kidogo sana: tofauti ni sehemu mbili tu katika milioni. Katika kiwanja cha nyumba hakuna awezaye kuiona. Lakini namba za mahali, zinazohesabiwa kutoka mwanzo ulio mbali, huweza kufika futi 2,000,000. Na hapo tofauti hiyo yawa futi 4 nzima. Daftari lililowekwa futi moja na ramani iliyochorwa kwa futi nyingine zaweza kulihamisha daraja. Ndiyo sababu Marekani iliacha kuitambua rasmi futi ile ya zamani mwishoni mwa mwaka wa 2022.

Jambo la namna hiyo lilitokea hata angani. Katika mwezi wa Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza. Programu iliyozipokea ilizidhani kuwa za kimeta. Chombo kilikusudiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Kikashuka hadi kilomita 57 hivi. Mashine zilielewana vizuri kabisa. Hakukuwa na kimya wala kelele.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Kwa miaka mingi ramani za Kenya zilichorwa kwa kufuata mfumo uitwao Arc 1960, ambao asili yake ni upimaji mrefu uliofuata mstari wa digrii 30 mashariki kutoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Setilaiti za GPS hufuata mfumo mwingine. Mtu akizichukua namba za setilaiti na kuziweka kwenye ramani ya Arc 1960 bila kuzigeuza, mahali patahama kwa kadiri ya mita 300. Fikiri, msomaji, mita 300 ni nini katika nchi yetu, ambako ndugu wawili huweza kuachana kwa ajili ya hatua tatu za shamba, na jirani akashtakiwa kwa sababu ya jiwe moja la mpaka.

Dawa ya uongo ni ipi, ikiwa dalili hauna? Ni ile ile ya pembetatu za Lambton: kukiuliza chombo swali ambalo jibu lake unalo. Kabla ya kuanza kazi, mpimaji mwema hupima baina ya mawe mawili ambayo umbali wake umekwisha kujulikana. Hulinganisha namba iliyo machoni pa chombo na ile iliyofika daftarini, kisha zote mbili na ile ya kweli. Kazi hiyo yahitaji dakika chache tu. Ndiyo sauti ya yule mwandishi wa zamani aliyerudia kila namba, iliyorejeshwa kwa njia nyingine.

Waona basi kwamba mnyororo umekwisha, penseli imekwisha, na waya unakwisha, lakini kanuni hazijabadilika: rudia kile ulichosikia, usifute kosa, liandike, jaribu kipande kimoja kimoja, pima dhidi ya kitu kinachojulikana. Wewe nawe, hata kama hutashika theodolaiti maishani mwako, utapokea habari kila siku, nyingine kwa mdomo wa watu na nyingine kwa mashine. Zinapokuja kimya utajua, na zinapokuja kelele utajua. Zile zinazokuja kwa utaratibu mzuri, na sura ya kupendeza, ndizo zinazotaka kupimwa kwanza.